Bamburi ni kijiji, ni mtaa au ni kiwanda?

Msomaji mmoja wa Pongwe, Tanga, ametuandikia hivi: "Tangu Amsons, kampuni ya hapa Tanzania, wanunue kiwanda cha saruji cha Bamburi, jina hilo tunalisikia kila mara huku kwetu. Mdogo wangu sasa anataka kuvuka mpaka akatafute kazi huko. Bamburi ni mahali pa namna gani hasa? Ni kijiji, ni mtaa wa Mombasa, au ni kiwanda tu? Wanaishi watu gani, na wanakula nini?"

Dada yangu, asante kwa swali. Nimelipenda kwa sababu hata Wakenya wa bara, wakisikia Bamburi, hufikiria mfuko wa saruji au hoteli ya ufukweni, na ni wachache wanaoulizia watu wanaolala hapo. Kwa kifupi, Bamburi ni vyote vitatu. Palikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi, kikajengwa kiwanda miaka ya 1950, kisha mji wa Mombasa ukatanuka kuelekea kaskazini mpaka ukakifikia na kukipita. Leo ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Kisauni, jirani na Mtopanga, Shanzu na Mwakirunge. Lakini sehemu kubwa ya wakazi wake hawaishi kwa mshahara wa kiwanda. Hilo ndilo ningependa mdogo wako alijue kabla hajafunga begi.

Tuanze na jiwe, maana bila jiwe huwezi kuielewa Bamburi.

Nenda ufukweni wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka. Mbele yako kuna mchanga mweupe, kisha maji mafupi yenye majani ya bahari, na kule mbali mstari mweupe wa povu ambapo mawimbi yanavunjika. Huo ndio mwamba wa matumbawe ulio hai. Sasa geuka, uipe bahari mgongo. Ardhi yote unayoiona mbele yako, unapopita hoteli, ukavuka barabara ya Malindi mpaka ukaingia ndani, nayo ni mwamba wa aina hiyohiyo, ila ni wa zamani sana. Ulijengwa na viumbe wa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Ukiokota kipande chake njiani utaona maumbo ya matumbawe yenyewe, kama maua yaliyokatwa kwa kisu, na mara nyingine kombe zima lililogandia humo.

Jiwe hilo ni chokaa karibu tupu, na saruji huanzia kwenye chokaa. Ila chokaa peke yake haitoshi. Lazima uichanganye na udongo wenye silika na alumina, uisage, kisha uichome kwenye tanuru refu linalozunguka, kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, mpaka itoke klinka, vinundu vigumu vya rangi ya kijivu. Klinka husagwa tena pamoja na jasi, na hapo ndipo unapata saruji. Bahati ya Bamburi, au tuseme sababu ya Bamburi kuwa Bamburi, ni kwamba nyuma tu ya ukanda wa matumbawe, kuelekea bara, kuna tabaka za udongo wa kale uliogandamana ukawa mwamba laini. Chokaa na udongo vinakaa jirani, na bandari ya Kilindini iko upande wa pili wa kisiwa. Nyinyi watu wa Pongwe mnaijua hali hii, kwani kiwanda chenu kimekaa hapo kwa sababu hizohizo za chokaa na bandari.

Kampuni iliundwa mwaka 1951 na Felix Mandl, na kiwanda kikaanza kutoa saruji mwaka 1954, kikiwa na uwezo wa tani 140,000 kwa mwaka. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, Nairobi na Mombasa zilikuwa zinajengwa kwa kasi, na kuagiza saruji kutoka ng'ambo kulikuwa ghali. Tangu hapo uwezo umeongezwa mara nyingi. Kampuni ilijenga kiwanda cha kusagia klinka Athi River mwaka 1998 ili kuwa karibu na soko la Nairobi, na kwa miaka mingi ilimiliki pia kampuni ya saruji ya Hima kule magharibi ya Uganda, hadi ilipouzwa mwaka 2024.

Kuna upande wa kazi ile ambao mtu hauoni kwenye mfuko. Kila tani ya saruji inaacha shimo. Miaka zaidi ya 15 ya kuchimba Bamburi iliacha uwanja mkubwa wa mwamba mtupu, mweupe, unaochoma macho saa sita mchana, ambao chini yake kidogo tu kuna maji yenye chumvi. Hapakuwa na udongo, wala nyasi, wala ndege. Mwaka 1971 kampuni ilimpa kazi ya kuotesha kitu hapo René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa ameajiriwa tangu 1959. Habari hii nitaikalia kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo sura ya Bamburi inayostahili kujulikana kuliko zote.

Haller alijaribu aina 26 za miti, na ni tatu tu zilizosimama. Uliokuwa imara zaidi ni mvinje, ule mti wa ufukweni wenye majani membamba kama sindano, ambao unavumilia chumvi na mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyoupatia naitrojeni kutoka hewani. Mwanzoni hata hiyo mivinje ilidumaa. Mwamba ulikuwa mtupu kiasi kwamba hata vijidudu hivyo havikuwepo, ikabidi uletwe udongo kutoka chini ya mivinje mikubwa ya kwingine na kuwekwa kwenye mashina. Hapo miti ikachanua. Likaja tatizo jingine: sindano zilizoanguka zilirundikana chini bila kuoza, kwa kuwa zina tanini nyingi na hakukuwa na mdudu wa kuzila. Ndipo akaonekana jongoo mwenye miguu myekundu, yule tunayemuona kila masika akivuka njia, akizitafuna sindano za mvinje. Waliokotwa majongoo kwa mamia wakamwagwa kwenye ile mivinje. Jongoo alikula, akatoa kinyesi, na kinyesi kikawa mboji. Miaka ilivyopita mboji ikawa udongo wa kutosha kupanda miti mingine ya Pwani.

Leo mtu akiingia kwenye msitu ule kutoka barabarani anahisi joto linapungua papo hapo. Kuna mabwawa ya perege, mamba, twiga, pofu, na kobe wakubwa wa Aldabra. Hifadhi ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1984, na sasa inaitwa Haller Park. Hapo ndipo aliletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajishikamanisha na kobe mzee aliyeitwa Mzee, na picha zao zikaenea duniani kote. Ni kisa kizuri, na watoto wanakipenda. Lakini mimi nikipeleka wageni pale ninawaonyesha kwanza jongoo na zile sindano za mvinje, kwani bila wao kusingekuwa na mahali pa kumweka kiboko.

Niongeze jambo moja ili nisionekane ninaisifu kampuni kupita kiasi. Machimbo yaliyooteshwa ni sehemu tu ya simulizi. Nje ya uzio wa kiwanda kuna machimbo madogo mengi ya watu binafsi wanaokata vitalu vya matumbawe vya kujengea nyumba. Mengi yameachwa wazi hivyohivyo: yanajaa maji ya mvua, yanakuwa majaa ya taka, na ni hatari kwa watoto. Kazi ya Haller ilithibitisha kwamba shimo la chokaa linaweza kuponywa, ila inahitaji mwenye shimo anayejulikana, mwenye fedha na subira ya miongo. Shimo la mtu asiyejulikana halina wa kuliponya.

Sasa watu. Wenyeji wa sehemu hizi ni Wamijikenda, hasa Wagiriama, pamoja na Waswahili wa mwambao ambao miji yao ya kale ilikuwa kisiwani na Mtwapa. Kusini kidogo, kwenye njia ya kuja Bamburi, kuna Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru, yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1875. Kwa hiyo hata kabla ya kiwanda, Kisauni ilikuwa imezoea kupokea watu wa kutoka mbali. Kiwanda kilipoanza kilivuta Wakamba, Wataita, Wajaluo, Waluhya na Wakikuyu. Hoteli zilipojengwa ufukweni kuanzia miaka ya 1960 na 1970 zikavuta wengine tena. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Somalia iliposambaratika, maelfu ya wakimbizi, wakiwemo watu wa Barawa ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, waliwekwa kwenye kambi za Mombasa, mojawapo ikiwa Utange, nyuma ya Bamburi. Kambi zilifungwa, wengine wakapelekwa ng'ambo. Eneo bunge la Kisauni lilihesabiwa watu karibu 292,000 katika sensa ya 2019, katika kaunti yenye watu 1,208,333.

Mdogo wako hatapata shida ya lugha. Kiswahili ndicho kinachotumika sokoni, kwenye matatu na kazini, na lafudhi ya Tanga inapokewa vizuri kabisa, maana watu wanajua nyinyi ni ndugu zetu wa mwambao mmoja. Atakachokiona kigeni ni ardhi.

Na hapa ndipo penye uzito. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kabla ya kuwa himaya ya Uingereza mwaka 1895. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa Pwani, ikataka kila mwenye madai ajitokeze aandikishe. Waliokuwa karibu na mji na karibu na wakuu walijiandikisha. Wakulima wengi wa Kimijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na haikuwahi kuwa na karatasi, hawakujiandikisha au hawakukubaliwa. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, na baadaye ikagawiwa wengine. Ndiyo maana hadi leo utakuta ukoo uliolima minazi mahali fulani kwa vizazi ukiitwa maskwota hapohapo, huku mwenye hati ni mtu ambaye hawajawahi kumuona.

Kutokana na hali hiyo ulikua mtindo wa Mombasa wa nyumba bila ardhi. Unamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, unajenga nyumba yako, na nyumba ni mali yako lakini ardhi si yako. Unaweza kuiuza nyumba au kuirithisha, na bado mwenye ardhi akaja siku moja akataka kiwanja chake. Nyumba yenyewe mara nyingi ni ile ya Kiswahili: mlango katikati, ukumbi mrefu, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko na choo. Kila chumba ni mpangaji. Mwenye nyumba huenda anaishi chumba kimoja na kupangisha vitano, na hapo ndipo anapopata chakula chake. Watu hawaihesabu kuwa uchumi, lakini nadhani kodi ya vyumba inalisha familia nyingi za Bamburi kuliko mshahara wa saruji. Wafanyakazi wa kiwanda, wa hoteli na wa maduka wanahitaji pa kulala, na wenyeji wasiopata kazi za kiwandani wanapata angalau kodi yao.

Kuhusu kazi za kiwandani zenyewe, niseme wazi. Kiwanda cha saruji cha siku hizi ni mitambo zaidi kuliko mikono. Chumba kimoja cha udhibiti chenye watu wachache na skrini kinaendesha tanuru ambalo zamani lilihitaji zamu nzima ya watu. Wanaoajiriwa moja kwa moja ni mainjinia, mafundi mitambo, mafundi umeme, wakemia wa maabara. Kazi za kupakia, kufagia, ulinzi, usafirishaji na matengenezo makubwa hutolewa kwa makontrakta, na kontrakta huchukua vibarua kwa siku au kwa miezi michache. Tanuru likisimamishwa kwa matengenezo, ghafla wanahitajika wachomeleaji na mafundi wa matofali ya moto, watu wengi, kwa wiki kadhaa. Kazi ikiisha, wanarudi nyumbani.

Kuzunguka lango la kiwanda kuna uchumi mwingine mzima. Matrela yanasubiri kupakia, kwa hiyo kuna madereva na mataniboi wanaotaka chai ya asubuhi, mahamri na mbaazi, pa kuoga na pa kulala. Kuna mafundi wa matairi na wauzaji wa vipuri. Kuna hadiwea za kila ukubwa. Saruji ikisimama, hawa wanaumia siku hiyohiyo, kabla hata mshahara wa mwisho wa mwezi haujacheleweshwa kwa mwajiriwa.

Upande wa pili wa barabara ya Malindi ni dunia nyingine. Huko ni hoteli, na katikati yake ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu anauita Pirates. Siku ya Idi pili au Boksing Dei, njoo uone. Familia kutoka Changamwe, Likoni na Kisauni zimejaa mchanga mzima, vijana wanakodisha tyubu za matairi ya lori kwa watoto wasiojua kuogelea, kuna ngamia, kuna wapiga picha, kuna viazi karai na achari ya embe, na maji yamegeuka rangi kwa wingi wa watu. Ni mojawapo ya mahali pachache katika ufukwe huu ambapo mtu wa kawaida anaingia bila kupita getini kwa mtu, na kwa hiyo kila linapotajwa wazo la kupajenga, watu hupiga kelele. Wana haki.

Utalii unaajiri wengi lakini unachezacheza. Kuanzia Aprili mpaka Juni, mvua zikiwa nyingi, hoteli hupunguza watu, na mhudumu wa mezani anageuka bodaboda au muuza matunda. Machafuko ya Likoni ya 1997, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mashambulizi ya kigaidi, kisha korona ya 2020: kila mara moja ya hayo yalipotokea, hoteli zilifunga milango na mtaa mzima ukasikia. Familia nyingi za hapa zimejifunza kutotegemea kazi moja. Baba yuko hotelini, mama anapika mahamri, kaka ana tuktuk, na chumba cha nyuma kimepangishwa.

Wavuvi bado wapo, na hawa kwangu ndio Bamburi ya asili. Wakati wa kusi, bahari ikiwa kali, wanafanya kazi ndani ya mwamba kwa malema, mishipi na nyavu, wakipata tafi, changu, pono na pweza. Wakati wa kaskazi, bahari ikitulia, wenye vyombo vya kutosha hutoka nje ya mwamba. Mwaka 1986 serikali ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Mombasa mbele ya fukwe hizi: kiini cha kilomita za mraba 10 hivi ambamo hairuhusiwi kuvua kabisa, na eneo kubwa zaidi linaloruhusu zana za kienyeji. Wavuvi walipoteza maji yao bora, na uchungu huo haujaisha. Ni kweli pia kwamba samaki wameongezeka ndani ya hifadhi na wengine hutoka na kunaswa pembeni. Mambo yote mawili ni ya kweli kwa pamoja, na atakayekueleza moja tu ana lake analolitaka.

Mvuvi mwenyewe mara nyingi hana chombo. Chombo na nyavu ni za tajiri, naye tajiri ndiye anayenunua samaki, kwa bei anayoipanga yeye, kwa kuwa alitoa mkopo msimu wa shida. Samaki wakubwa wanakwenda hotelini na mjini. Wadogo wanachukuliwa na mama karanga, wanawake wanaonunua pale pwani na kukaanga mitaani. Jioni pitia mtaa wowote wa Bamburi: karai jeusi juu ya mafiga, mafuta yanachemka, tafi wamepakwa chumvi na ndimu na pilipili, na watu wamejipanga na sahani zao. Mama karanga hawaingii mkutano wowote wa wawekezaji, lakini wao ndio wanaomfikisha samaki kwenye sufuria ya mtu wa kipato cha chini, na bei ya mafuta ya kupikia ikipanda wao ndio wa kwanza kuumia.

Maji ni shida ya kweli na haina budi kutajwa. Bamburi haina mto. Mvua inanyesha ya kutosha, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, lakini kwenye matumbawe inapotelea chini palepale. Maji ya bomba ya upande huu yanatoka mbali, kwenye visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na hayatoshi. Watu wanachimba visima, na maji yanapatikana si chini sana. Tatizo ni kwamba vyoo navyo vimechimbwa kwenye mwamba huohuo wenye matundu, na kinachoingia chooni hakichelewi kufika kisimani. Ukisukuma sana kisima kilicho karibu na bahari, chumvi inaingia. Kwa hiyo maji ya kisima ni ya kufulia na kuogea. Ya kunywa yanunuliwe kwa muuza maji wa mkokoteni, na hata hayo yachemshwe. Mwambie mdogo wako asione aibu kuuliza maji yametoka wapi.

Barabara nayo ni habari. Kwenda mjini lazima uvuke daraja la Nyali. Mwaka 1931 lilijengwa daraja la kuelea juu ya maboya, na lile la zege linalotumika leo lilifunguliwa mwaka 1980. Hilo la 1980 ndilo lililoifanya Bamburi kuwa mtaa wa mji: mtu aliweza kulala huku na kufanya kazi kisiwani. Likifungana asubuhi, upande wote wa kaskazini unachelewa kazini. Upanuzi wa barabara ya kwenda Mtwapa na Kilifi umerahisisha safari, lakini umewaondoa wachuuzi waliokuwa na vibanda kando yake, na wengi wao sasa wako ndani zaidi ambako wateja ni haba.

Nije kwenye ununuzi, kwani ndio uliokufanya uandike. Holcim ya Uswisi ilikuwa na hisa nyingi kupitia kampuni zake. Julai 2024 Amsons walitoa bei ya shilingi 65 za Kenya kwa hisa, mshindani aliyejitokeza akajiondoa, na kufikia Desemba mwaka huohuo Amsons walikuwa wamepata zaidi ya asilimia 96 ya hisa. Mwaka huohuo kundi hilo liliichukua pia Tanga Cement, kiwanda chenu cha Pongwe, kwa hiyo wewe na sisi sasa tuna tajiri mmoja. Kwa mkazi wa Bamburi, mwenye kampuni kuwa Mzungu au Mtanzania si jambo la kwanza. Atakachoangalia ni kama makontrakta wanachukua vijana wa hapa, kama vumbi linadhibitiwa upepo unapogeukia makazi, kama kazi ya kuotesha machimbo inaendelea kulipiwa, na ardhi iliyokwisha chimbwa itakuwa ya nani. Hili la mwisho ni kubwa. Ardhi ile iko dakika chache kutoka ufukweni, kwenye mtaa usio na nafasi, miongoni mwa watu wasio na hati. Ningekuwa mshauri wa kaunti ningelidai lijibiwe sasa, mapema, kwa maandishi.

Kwa mdogo wako, haya ndiyo ninayoyaona. Akiwa na cheti cha kuchomelea, umeme wa viwandani au ufundi mitambo, aje na vyeti vyake halisi, na asiende moja kwa moja lango kuu bali awaulize makontrakta wa matengenezo, maana wao ndio wanaochukua watu. Apange habari za kibali cha kazi kabla hajaja. Kuvuka mpaka wa Horohoro ni rahisi, kufanya kazi bila karatasi ni jambo jingine na ataonewa kwenye malipo. Akiwa hana ufundi wowote, afadhali autafute kwanza hapo Tanga, kwani vibarua wa kubeba mifuko Bamburi wako wengi na wanajuana. Akipita Ukunda mpaka Likoni avuke kwa feri kwa miguu, kisha achukue matatu ya Bamburi mjini. Chumba cha kuanzia akitafute Kiembeni au Mtopanga, kodi yake ni nafuu kuliko karibu na ufukwe. Na akipata fedha akaambiwa kuna kiwanja cha bei rahisi kinauzwa Bamburi, asitoe hata shilingi mpaka ameuliza kama anauziwa nyumba au anauziwa ardhi, na mpaka afisi ya ardhi ya Mombasa imemthibitishia jina lililo kwenye hati.